Dhima ya Nazi Iliyoanguka

Magari mawili yakigongana njiani, aghalabu kadhia yake hukatika upesi, kwa kuwa madereva walikuwapo, breki zimeacha alama juu ya lami, na wapita njia wamesimama wakitazama; lakini gari lililoharibika likiwa limeegeshwa, mwenyewe akiwa amelala kwake na milango yake ikiwa imefungwa, humfanya mtu kuwa mdai asiyejua amdai nani, kwa sababu aliyetenda, kama ni binadamu, amekwisha kwenda zake, na kama si binadamu, basi nyuma ya kile kilichotenda hujipanga safu ya watu ambao kila mmoja wao ana hoja nzuri ya kumwelekeza mlalamikaji kwa mwenziwe. Katika ujana wangu niliishuhudia kadhia moja ya namna hiyo huko Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, na ijapokuwa baadaye nilifanya kazi ya ukarani katika afisi za mawakili, nikashika kwa mikono yangu majalada ya kesi zenye fedha nyingi kuliko thamani ya mtaa mzima, sikupata kuona nyingine iliyonionyesha kwa uwazi kama ile mahali dhima inapokaa na jinsi inavyotafutwa.

Mambo hayo yalitokea muda mfupi baada ya kufunguliwa daraja jipya la Nyali mwaka 1980, pale lile daraja la zamani lililoelea juu ya maji, lililokuwa likitumika tangu mwaka 1931, lilipopumzishwa. Daraja hilo jipya liliwatia tamaa ya kumiliki magari watu wengi waliokuwa wakifanya kazi kisiwani na kulala bara, na mmoja wao alikuwa jirani yetu, karani wa bandari ya Kilindini, ambaye baada ya kudunduiza kwa miaka alinunua Peugeot 404 kuukuu, gari ambalo sifa zake zilikuwa zimeenea katika Afrika Mashariki nzima kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Njia ya kufikia nyumba yake ilikuwa ya mchanga na nyembamba, gari halipiti. Kwa hiyo alipatana na mwenye nyumba iliyokuwa karibu na barabara awe akiliweka ubavuni mwa ukuta wake, chini ya kivuli cha mnazi mrefu, na kila mwisho wa mwezi akimpa fedha kidogo ili vijana wake walitupie jicho usiku.

Mnazi ule ulikuwa umepita umri wa kukwewa kwa mzaha. Minazi ya pwani yetu hupanda hata ikazidi mita 20, na nazi huchukua takriban mwaka mzima tangu ua mpaka kukauka, ikipita daraja zake za kidaka, kitale, dafu na koroma, na ikisha kukomaa ikakosa mkwezi wa kuiangua, hujiangua yenyewe saa iitakayo. Usiku mmoja wa kusi, upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini, kole zima lililokuwa limekauka lilichomoka likaja chini. Na kulipopambazuka kioo cha mbele cha Peugeot kilikuwa vumbi, boneti imebonyea, na paa lina shimo ambalo mtoto angeweza kunawia mikono. Mwenye gari alipita kuniamsha, kwa kuwa alijua nimesoma, akidhani mtu aliyesoma atajua mara moja ni nani wa kulipa. Mimi sikujua, na kadiri tulivyouliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba swali lenyewe lilikuwa na matabaka.

Msomaji asiyeijua Mombasa hana budi kwanza kuelezwa jambo moja, kwa maana bila hilo mkasa huu hauna sura. Katika mji ule na viunga vyake imekuwapo tangu zamani ada ya nyumba bila ardhi: mtu mmoja anamiliki kiwanja kwa hati, na mwingine anajenga juu yake nyumba ya kwake mwenyewe, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi, naye akaweza kuiuza nyumba hiyo au kuirithisha pasina kuwa na hata shubiri moja ya udongo ulio chini yake. Sheria ya Kiingereza, ambayo hushika kwamba kilichopandwa au kujengwa ardhini ni mali ya mwenye ardhi, haikuweza kuing'oa ada hiyo. Na hata baada ya sheria ya mwaka 1908 ya kusajili hati za ardhi za pwani, wengi waliokuwa na vibanda na minazi walibaki palepale, juu ya ardhi iliyoandikwa majina ya wengine. Minazi nayo ilikuwa na wenyewe. Aliyepanda, au aliyerithi kwa aliyepanda, alikula nazi zake, na mwenye hati akala kodi yake, kila mmoja akimheshimu mwenziwe.

Basi jirani yetu alianza kwa mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyekuwa akipokea fedha zake. Yule alijibu kwa utulivu kwamba ukuta ni wake na makuti ya paa ni yake, lakini mnazi aliukuta, na kivuli chake hakupata kukiuza. Akaenda kwa wakili wa mwenye ardhi, yule aliyekuwa akizunguka na daftari la kukusanya kodi kwa niaba ya bwana wake aliyekaa Mji wa Kale, naye akasema, "Bwana wangu hula kodi ya ardhi, nazi ya mti ule hajaila hata moja." Akaelekezwa kwa mwenye mnazi, ambaye alikuwa bibi mmoja mjane, mtu mzima sana, aliyeurithi mti ule kwa mumewe pamoja na mingine michache, naye alimkaribisha, akamtilia kahawa, kisha akamwambia kwamba nazi za msimu ule alikwisha kuziuza zingali mtini kwa mchuuzi, ambaye alimpa arubuni na kuahidi kuleta wakwezi. Mchuuzi alipofuatwa sokoni aliapa kwamba mkwezi wake alikuwa mgonjwa, na akaongeza neno ambalo mtaa mzima ulilicheka kwa muda mrefu: "Nazi huwa yangu iangukapo kikapuni, si iangukapo kiooni." Kisha wote wanne, waliokuwa wakisukumiana lawama, walikubaliana katika jambo moja tu, nalo ni kuuliza nani alimtuma mtu mwenye akili zake kuegesha gari chini ya mnazi.

Jirani yetu alitaka kwenda mahakamani, lakini gharama ya wakili ingeshinda bei ya kioo. Kwa Kadhi hapakuwa na njia, kwa sababu mahakama ya Kadhi katika Kenya ina mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, si juu ya boneti. Bima yake ilikuwa ile ya lazima ambayo watu huiita thadi-pati, nayo kwa sheria hukusudiwa kwa kifo au jeraha litakalompata mtu mwingine kwa sababu ya gari lako, haina habari na jeraha la gari lenyewe. Pakabaki baraza ya ami yangu, mzee aliyesoma fikihi Lamu katika ujana wake, ambaye watu walimwendea baada ya sala ya alasiri kwa mambo ya mipaka, mahari na madeni madogo. Baraza hiyo haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu yeyote isipokuwa kwa haya.

Wote walikuja, hata wakili wa mwenye ardhi na daftari lake kwapani. Mimi nilikaa pembeni nikitarajia kumsikia ami akianza kwa kuuliza mnazi ni wa nani, maana ndilo swali walilokuwa wakishindania, lakini yeye aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akamwuliza kila mmoja swali lile lile, kwa sauti ile ile, "Ulijua lini kwamba nazi zile zimekauka?"

Wakili wa mwenye ardhi alisema hakupata kuinua kichwa kutazama mti, na hapana aliyemkanusha. Yule bibi alisema alijua tangu mwezi uliopita, kwa kuwa nazi mbili zilianguka mchana akaziona, akamtuma mjukuu wake kwa mchuuzi, na mchuuzi alipokawia alikwenda mwenyewe, akamwambia mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani kwamba mti huu utakuja kumdhuru mtu. "Nimesema mpaka nimechoka, shekhe," akasema, "na mwenye nyumba nilimwambia awazuie watoto wasicheze pale." Wanawake wawili waliitwa, nao wakalithibitisha neno lake. Mchuuzi hakukana, alisema tu kwamba alikuwa akingoja bei ya wakwezi ishuke, na habari ya ugonjwa haikusikika tena. Mwenye nyumba alikiri kwamba watoto aliwazuia. Ami akamtazama. "Watoto uliwahamisha. Na gari ambalo ulikuwa ukipokea fedha kulitazama, mwenyewe ulimwambia?" Akajibu, "Sikuona kuwa ni kazi yangu, ami." Nilipokuja kusoma sheria za wenzetu nilikuta kwamba hata mahakama za Uingereza, katika kesi ya Ashby na Tolhurst ya mwaka 1937, zilipambanua baina ya mtu anayetoza ada ya nafasi tu, ambaye hana dhamana ya gari, na yule aliyelipokea ili alitunze; na mwenye nyumba yule, kwa fedha zile za kila mwezi, alikuwa ameuvuka mpaka huo bila ya kujua.

Kisha ami alimgeukia mwenye gari, ambaye mpaka hapo alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kwamba watu wote wanaulizwa isipokuwa yeye. "Nawe, mwanangu, hukupata kuona nazi chini?" Akasema aliona moja, juma lililotangulia, karibu na gurudumu la nyuma. "Ilikwenda wapi?" Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tuliikuna, tukapikia wali." Baraza ikaangua kicheko, na ami naye akacheka, kisha akasema, "Basi mti ulikuletea barua, ukaila pasi na kuisoma."

Hukumu yake, au tuseme sulhu yake, ilikuwa kwamba nusu ya gharama iwe juu ya mchuuzi, robo juu ya mwenye nyumba, na robo aibebe mwenye gari mwenyewe. Mwenye ardhi asitozwe, wala yule bibi asitozwe, na nazi zilizosalia juu ziangushwe kabla ya Ijumaa kwa gharama ya mchuuzi. Mwenye nyumba alilipa kwa kusamehe fedha zake za mwezi mpaka deni likaisha. Mchuuzi alileta sehemu ya kwanza, akaahidi ya pili, kisha akahamishia biashara yake Likoni, na salio likafa huko. Gari lilitiwa kioo kutoka gari bovu, na boneti ikaendelea na kibonyeo chake mpaka siku gari lilipouzwa.

Usiku ule nilimwuliza ami ameipata wapi kanuni ile, nami nilijua kwamba katika vitabu vya fikihi kuna kauli mashuhuri isemayo kwamba alaye faida ndiye abebaye hasara, ambayo kwayo mwenye mti au mwenye nazi angetozwa pasipo kuulizwa alijua nini. Alinieleza mas'ala ya ukuta ulioelemea njiani. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ukuta uliojengwa wima kisha ukaelemea wenyewe na kuanguka, kauli yenye nguvu ni kwamba mwenyewe hatozwi. Lakini Mahanafi husema kwamba akiwa ameonywa mbele ya mashahidi, na akapata muda wa kuubomoa asiubomoe, basi hutozwa kilichoharibika, na hukumu hiyo iliingizwa katika Mejelle, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyokamilishwa mwaka 1876. "Mimi si kadhi, na ile ilikuwa sulhu," akasema, "na katika sulhu mtu ana ruhusa ya kuchukua kauli itakayowapatanisha watu kwa insafu." Juu ya ile kauli ya faida na hasara alisema kwamba ni kweli, lakini ukiitumia peke yake utamtoza mjane aliyesema kwa ajili ya mchuuzi aliyenyamaza, na watu wote watajifunza kwamba kusema hakuna faida.

Miaka ilipita. Nikiwa karani, nilitumwa siku moja kutafuta hukumu za zamani juu ya miti inayoangukia barabara, nikaisoma kesi ya Noble na Harrison ya mwaka 1926, ambamo tawi la mti mkubwa lililotanda juu ya barabara lilikatika siku isiyo na tufani, likaliharibu gari lililokuwa likipita. Na mahakama ikasema mwenye mti hatozwi, kwa sababu ufa ulikuwa umejificha, wala ukaguzi wa mtu mwangalifu usingeufichua. Mwaka 1950, katika kesi ya Caminer, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilirudia maana hiyo kwa mti mzima ulioangukia gari. Hukumu hizo zina uzito kwetu, kwa kuwa sheria ya Kenya huyatambua mafundisho ya mahakama za Kiingereza kama yalivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na mahakimu wetu wamezoea kuzitazama na za baada ya hapo. Nilistaajabu. Wanazuoni wa fikihi na majaji wa London, ambao hawakupata kusomeana vitabu, walikuwa wamesimama mahali pamoja na ami yangu barazani: hawakutosheka kuuliza kitu ni cha nani, waliuliza nani alijua, au alipasa kujua.

Lakini nadhani ami alikwenda hatua moja mbele, na hilo ndilo ninalotaka kulishika. Yule bibi alijua kuliko watu wote, na mti ulikuwa wake. Kama kujua peke yake kungetosha, angelipa yeye. Hakutozwa kwa sababu hakuweza kukwea, na nazi hazikuwa tena zake za kuangusha. Uwezo wake wote ulikuwa katika ulimi, nao aliutumia kikamilifu, mbele ya watu. Mchuuzi alijua na aliweza, akangoja bei. Mwenye nyumba alijua, na neno moja lingetosha, akalihifadhi kwa watoto wake. Mwenye gari aliona dalili, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kila mmoja alipimwa kwa vitu viwili vikiwa pamoja, alichokijua na alichokiweza, na mizani hiyo ikatoa mafungu ambayo hata waliolipa hawakuweza kuyaita dhuluma. Tena mnazi hauna siri kama ule mti wa mwaka 1926. Nazi iliyokauka hubadilika rangi ikaonekana kutoka chini, na kabla ya kole kuanguka aghalabu nazi mojamoja hutangulia. Ndiyo sababu katika mtaa wa minazi ni vigumu mtu kusema hakujua.

Mombasa ya leo ina magari mengi kuliko minazi, na hasara za magari yaliyoegeshwa zimebadilika sura: ni lango la chuma lililoachwa bila kufungwa kwa komeo, ni tofali la jengo linaloendelea, ni tangi la maji lililooza miguu, ni pikipiki iliyopenya pasipopenyeka. Kila mahali pametundikwa kibao cha kusema kwamba gari linaegeshwa kwa dhima ya mwenyewe, na watu wanadhani kibao kinamaliza maneno. Nami nikiulizwa, hujibu kwa mambo machache ambayo kazi ilinifundisha. Usilisogeze gari kabla ya kupiga picha mahali lilipo, kitu kilicholidhuru, na kile kilichosalia juu. Waite mashahidi siku ile ile, maana shahidi wa juma la pili huwa amekwisha kuzungumza na upande mwingine. Piga ripoti polisi upate ile karatasi ambayo watu huiita abstrakti. Mwandikie unayemdai kwa upole, utaje siku, kitu na gharama. Usilale sana: madai ya madhara katika Kenya hufa baada ya miaka 3, na ya mkataba baada ya miaka 6. Wala usikate tamaa kwa udogo wa fedha kama alivyokata jirani yetu, kwa sababu sheria ya mwaka 2016 imeanzisha Mahakama ya Madai Madogo, ipokeayo kesi zisizozidi shilingi 1,000,000, ikiwamo hasara ya mali, na ambayo hutakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60. Na mtu aweza kusimama humo bila ya wakili.

Hayo yote, hata hivyo, ni dawa ya baada ya ugonjwa. Kinga yake ni onyo, na onyo ni haki ambayo watu wa mtaa mmoja wanadaiana hata kama hawana mkataba. Mwenye mti, angua nazi zako kabla hazijajiangua, na kama umeziuza, usikubali arubuni isiyo na siku ya mkwezi. Mwenye gari, inua kichwa kabla ya kuzima injini. Na wewe jirani uliyeona, sema mapema, sema waziwazi, tena mbele ya watu wawili. Maana siku ya hasara hapana atakayeuliza tu ni nani mwenye mali, ataulizwa pia kila aliyejua, kwa nini alinyamaza.